Kufagia kwa Kutafuta Shilingi

Mahubiri ya Kwaresima
Masomo: Mambo ya Walawi 14:33–53, Luka 15:8–10



Somo letu la kwanza liko katika sura ambayo wasomaji wengi wa Biblia huipita upesi. Linahusu nyumba iliyopatwa na pigo. Mwenye nyumba anaona madoa ukutani, ya kijani au mekundu, naye anakwenda kwa kuhani kumweleza. Kuhani haji mbio na shoka. Kwanza anaagiza vitu vyote vitolewe nje, ndipo anaingia na kutazama. Anaifunga nyumba siku saba, kisha anarudi. Kama pigo limeenea, mawe yenye ugonjwa hutolewa, kuta hukwanguliwa, na kifusi hupelekwa nje ya mji, mahali palipotengwa. Halafu huwekwa mawe mengine, na nyumba hupakwa udongo mpya.

Katika mitaa na vijiji vyetu vya Shinyanga na Geita ziko nyumba zenye pigo la namna nyingine. Mtu akisukuma mlango, mlango haufunguki mpaka mwisho. Ndani mna makopo, viroba, magunia, chupa, nguo kuukuu, vyuma, magazeti na ndoo zilizotoboka, vyote vimerundikana mpaka kwenye paa. Mwenyewe hulala katika upenyo mdogo karibu na mlango, na kupika humo humo. Majirani humcheka. Watoto wake wakija kutoka mjini huona haya, wakaondoka mapema. Leo natuulize: Mkristo aifanyie nini nyumba kama hiyo, na amfanyie nini mtu aishiye ndani yake?

Kuweka akiba si dhambi

Tuanze kwa kumtendea haki mwenye nyumba. Wazee wetu wa Usukuma waliweka mtama katika vihenge, na kuhifadhi malisho ya ng'ombe katika ngitili. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliihuisha desturi hiyo ya ngitili hapa Shinyanga, wakati ardhi ilipokuwa imebaki tupu. Yusufu aliweka nafaka ya Misri miaka saba, akaokoa watu wengi. Bwana wetu mwenyewe, baada ya kuwalisha watu elfu tano, alitaka mabaki ya mikate yakusanywe. Methali yetu nayo yasema, akiba haiozi.

Tena tukumbuke wazee hao walipita wapi. Mwaka 1974 njaa ilikuja wakati ule ule watu walipokuwa wakihamishiwa katika vijiji, na mahali pengine nyumba zao za zamani zilibomolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari, mafuta ya taa na khanga vilikuwa adimu, na foleni ilikuwa ndefu. Mwaka 1983, ilipotangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi, wako waliotupa mali zao usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Mtu aliyepita katika hayo alijifunza kwamba debe tupu ni mali na kipande cha kamba kina kazi yake. Kijana aliyekulia katika wakati wa vitu vingi vya bei rahisi asiharakishe kumcheka.

Hata hivyo nafaka huingia kihengeni ili siku moja itoke, iliwe. Kihenge ambacho nafaka yake haitoki kamwe kinawashibisha panya. Yule tajiri wa Luka 12, aliyepanga kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi, hakulaumiwa kwa kuvuna. Alilaumiwa kwa sababu alizungumza na nafsi yake tu, bila kumkumbuka Mungu wala jirani. Basi tukitaka kujua kama akiba imegeuka kuwa mzigo, tuulize: je, vitu hivi bado vinamtumikia mtu, au mtu ndiye anayevitumikia?

Wako wagonjwa, si wachoyo

Lakini tusidhani kwamba kila mwenye nyumba iliyojaa ni ndugu wa yule tajiri. Madaktari wamechunguza jambo hili. Mwaka 1975 madaktari wa Brighton, Uingereza, waliandika habari za wazee 30 walioletwa hospitali wakiwa wagonjwa sana, wametoka katika nyumba chafu mno, na baadhi yao walikuwa wamelundika takataka. Karibu nusu yao hawakuonekana kuwa na ugonjwa wa akili, na wengi walikuwa watu wenye akili nzuri, waliofanya kazi zao vema katika maisha yaliyopita. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliandika tabia ya kulimbikiza vitu bila kuweza kuviacha kuwa ugonjwa unaojitegemea. Shirika la Afya Duniani limeuweka pia katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Mtu mwenye ugonjwa huu akiambiwa atupe kopo moja, moyo wake huumia kama mtu aliyeambiwa amwache mtoto njiani. Kwa wengine hali huzidi baada ya msiba: mume amekufa, mtoto amezikwa, na vitu vinashika nafasi ya watu. Nguo zile zilizofungwa katika furushi pengine ni za marehemu. Wewe unaona takataka, yeye anaona kaburi la mwanawe.

Tena ugonjwa huu unaweza kuua. Mwaka 1947 mjini New York walikutwa wamekufa ndugu wawili, Homer na Langley Collyer, katika nyumba waliyoijaza kwa miaka mingi. Langley alikuwa akimtunza Homer, aliyekuwa kipofu. Marundo yalimwangukia Langley, akafa. Na Homer, asiyeweza kujisaidia, akafa kwa njaa. Vitu vilivyotolewa katika nyumba ile vilizidi tani 100. Hao walikuwa watu wa ukoo wenye mali, katika mji mkubwa kabisa wa Marekani. Basi pigo hili haliko kwa maskini peke yao, wala kwa watu wa Afrika peke yao.

Hatari ya kwetu

Hapa kwetu iko hatari nyingine, nayo ndiyo inayonifanya niandike. Fikirini mama mjane, mzee, akaaye peke yake. Macho yake ni mekundu. Amepika miaka hamsini kwa kuni mbichi, na kuni zilipokosekana alipika kwa mabua na kwa mavi ya ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha. Nyumba yake imejaa vibuyu, vitambaa, mifupa, chupa zenye masalio ya dawa, manyoya ya kuku. Mtoto wa jirani anaugua, anakufa. Mtu mmoja anauliza kwa sauti ndogo, "Yule bibi anaficha nini mle ndani?" Swali hilo limekwisha kuwa panga.

Sote tunajua kwamba katika Usukuma wazee wengi, na hasa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Januari 2015 Serikali iliwapiga marufuku waganga wapiga ramli, kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Sheria ya Uchawi tuliyo nayo tangu mwaka 1928 haimpi mtu yeyote ruhusa ya kumtangaza jirani yake kuwa mchawi na kumhukumu. Lakini neno lililonong'onwa kilabuni halingoji mahakama.

Tena wako watu wanaojitangaza kuwa mafundi wa kusafisha nyumba. Sisi tunawaita lambalamba. Wenzetu wa Kigoma huwaita kamchape. Na katika miaka ya 1930 wazee wa kusini walisikia habari za mchape kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Wanaingia kijijini, wanachangiwa fedha, wanaingia katika nyumba za watu na kuchimba sakafu, kisha wanatoka na pembe au kibuyu mbele ya umati na kusema, "Hiki ndicho kilichokuwa kikiwaua." Je, katika nyumba iliyojaa vitu vya miaka hamsini, ni kitu gani kitakosekana? Atakayetafuta pembe ataipata. Usafishaji wa namna hiyo hauondoi uchafu. Unamwacha mama wa watu akiwa ametajwa jina.

Ndugu zangu, tofauti kati ya kuhani wa Walawi na lambalamba ni kubwa. Lambalamba anatafuta mtu wa kulaumiwa. Kuhani anatazama ukuta. Sura ile haimwiti mwenye nyumba mkosaji, wala haimuulizi kuhani ni nani aliyelileta pigo. Yaulizwa jambo moja: nyumba hii iponywe vipi, watu wakae ndani yake tena?

Tujifunze kwa kuhani

Kwanza, mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyekwenda kusema. Kazi yetu ya kwanza basi ni kumfanya mtu aweze kusema bila kuogopa. Hilo halitokei siku moja. Nendeni wawili, mumwamkie, "Shikamoo, mayu," mketi nje chini ya mti kama hamkukaribishwa ndani, mzungumze habari za mvua na za wajukuu. Rudini juma lijalo. Ipo siku atasema mwenyewe, "Mwanangu, nyumba imenishinda." Neno hilo ni la thamani kuliko mikokoteni kumi ya takataka. Watoto wa mjini wanaopanga kumpeleka mama hospitali, na huku nyuma vijana wachome vitu vyote, wajue kwamba watakuwa wamemwibia. Madaktari wameona mara nyingi kwamba nyumba iliyosafishwa kwa nguvu hujaa tena, na mwenyewe hubaki na uchungu, asimwamini mtu.

Pili, kuhani aliagiza vitu vitolewe kabla yeye hajaingia. Kwa nini? Somo lenyewe linaeleza: ili visihesabiwe kuwa najisi pamoja na nyumba. Tazameni huruma ya sheria hii! Mungu anajali hata chungu cha maskini. Nasi tutoe vitu ili kuviokoa. Tandikeni maturubai uani, mwenyewe akae kitini kivulini, aonyeshwe kitu kimoja kimoja. Yawepo mafungu matatu: cha kubaki, cha kumpa mwingine, cha kutupa. Neno la mwisho liwe lake. Mkiona kitu msichokielewa, kibuyu au pembe, msikiinue juu wala kushangilia. Mwulizeni kwa upole, kama mnavyouliza habari za sufuria. Tena wasiruhusiwe watu kusimama kutazama na kupiga picha kwa simu zao. Aibu ya mzee isigeuzwe kuwa mchezo wa kijiji.

Tatu, kuhani alingoja siku saba. Msitake kumaliza Jumamosi moja. Fungueni kwanza njia kutoka kitandani hadi mlangoni, kisha mahali pa moto ili pasiungue, kisha mahali pa kulala. Haba na haba hujaza kibaba; na haba na haba hukipunguza pia.

Nne, kuhani alikuwa mtu mwenye ujuzi, naye alijua pigo litupwe wapi. Hapa nawaomba mnisikilize sana, hasa ninyi wa Geita. Katika Ulaya na Marekani wako watu wanaolipwa kwa kazi ya kusafisha nyumba za namna hii, wenye mavazi yake na vifaa vyake. Sisi tunaye bwana afya au bibi afya wa kata, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Waiteni kabla hamjagusa kitu. Mahali penye mavi ya panya na popo msifagie pakavu. Nyunyizeni kwanza maji yenye dawa ya kuulia wadudu wa maradhi, mfunike pua na mdomo, mvae mipira mikononi. Tahadharini na nyoka chini ya magunia. Makopo ya zamani ya dawa ya pamba msiyaoshe kwa ajili ya maji ya kunywa, wala msiyachome moto; mkabidhini bwana afya au bwana shamba.

Na katika nyumba za wachimbaji wadogo, penye viroba vya mchanga wa marudio chini ya kitanda, iko zebaki. Ni maji mazito yanayong'aa kama fedha, ndani ya chupa ya soda au kopo la dawa, hata katika kikaango ambacho dhahabu ilichomewa. Umoja wa Mataifa ulifanya mradi wake juu ya zebaki katika kijiji cha Rwamgasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu hatari hiyo iko hapa hapa kwetu. Mwaka 2013 mataifa yaliweka mkataba wa kuipunguza, ukaitwa kwa jina la Minamata, mji wa Japani ambako watu waliharibika kwa sumu hiyo, na nchi yetu iliuridhia mwaka 2020. Zebaki hutoa mvuke usioonekana wala kunuka, nao hudhuru ubongo na figo, hasa za watoto na za mimba. Ikimwagika msiifagie, maana ufagio huitawanya vipande vipande. Msiimwage chooni. Msiichome. Watoeni watoto nje, fungueni milango na madirisha, itieni katika chupa yenye kifuniko, juu yake pakiwa na maji, mfunge barabara, kisha mwarifu bwana afya, naye atawasiliana na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Na kikaango kile kisipikiwe chakula tena. Upendo usio na maarifa unaweza kumwua mtu unayemsaidia, na wewe mwenyewe pamoja naye.

Ikiwa mtu mwenyewe anaonekana kuugua moyo au akili, apelekwe kwa tabibu. Katika kanda yetu, hospitali ya Bugando huko Mwanza inayo idara ya magonjwa ya akili. Sala na daktari havigombani. Luka aliyetuandikia somo letu la pili alikuwa tabibu.

Tano, kuhani hakuondoka baada ya kubomoa. Kuta zilipakwa upya, na mwishoni alitangaza mbele ya watu kwamba nyumba ni safi, akaifanyia upatanisho. Hii ndiyo kazi ambayo hakuna mlipwaji awezaye kuifanya badala ya kanisa. Nyumba ikiisha kusafishwa, Umoja wa Mama waende wakanywe uji humo. Mchungaji aibariki mchana kweupe, mwenyekiti wa kitongoji akiwapo na majirani wakiona. Kila mtu aone kwamba ndani hamkuwa na siri ya mauti. Mlikuwa na mama aliyechoka. Mama aliyetembelewa na watu wengi mchana, si rahisi kumwendea usiku kwa panga. Kisha mmoja wenu apite kila juma, miezi na miaka, maana pigo hili hurudi.

Mwanamke na taa yake

Sasa tumtazame yule mwanamke wa Luka 15. Ana shilingi kumi, imepotea moja. Anawasha taa, anaifagia nyumba, anatafuta kwa bidii mpaka aione. Wako watu wawili wanaoweza kushika ufagio katika nyumba moja. Mmoja anafagia akitazama mlangoni, apate kutupa upesi, amalize. Mwingine anafagia akitazama chini, kwa kuwa anajua kwamba katika vumbi hili mna kitu cha thamani. Wote wawili watasafisha, lakini wa pili peke yake ndiye atakayeipata shilingi.

Bwana Yesu alisema mfano huu ili kutuonyesha Mungu alivyo. Mungu anatufagia hivyo. Mioyo yetu nayo imejaa: kinyongo cha miaka, hofu za zamani, maneno tuliyoambiwa utotoni, mambo tusiyoyahitaji na tusiyoweza kuyaacha. Angeweza kuja na moto, akamaliza kwa saa moja. Anakuja na taa. Anagusa kitu kimoja kimoja, anauliza, anangoja. Anatutafuta sisi tuliopotea chini ya vitu vyetu wenyewe.

Basi katika nyumba ile iliyojaa, shilingi ni nani? Ni yule mama. Ana sura ya Mfalme juu yake, hata kama vumbi limeifunika. Kwaresima hii kila mtaa wa parokia yetu umtafute mzee mmoja aliye peke yake. Msingoje nyumba ijae mpaka kwenye paa. Msingoje watu waanze kunong'ona. Mwanamke yule alipoipata shilingi yake aliwaita rafiki na majirani wafurahi pamoja naye. Nasi tupewe neema ya kuwaita majirani kwenye furaha kabla wengine hawajawaita kwenye mauaji.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyetupa nyumba na jirani, utupe macho ya kuwaona wazee wetu waliofichwa na mizigo yao. Utuepushe na ulimi unaoshtaki na mkono unaoharakisha. Utufundishe kusafisha kwa upole, kutafuta kwa bidii, na kufurahi pamoja mbele zako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.